Machalii, programu unayoiandika ni ya nani?

(Yafuatayo ni maneno ya mwandishi wetu wa kujitegemea, aliyoyasema mbele ya vijana waliokusanyika Ngarenaro, Arusha, kuzungumzia ajira na teknolojia. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, tumepunguza vicheko tu. – Mhariri)



Nimeambiwa nizungumzie "kukua kwa biashara ya kompyuta na ubunifu". Kichwa kirefu hicho, kama cha semina ya hoteli kubwa, ambako mtu anapewa posho, kalamu na chupa ya maji, halafu anarudi nyumbani vile vile alivyokuja. Hapa posho hakuna. Mimi mwenyewe nimeishia Form Four, nakula kwa kuandika habari na kulipwa kwa habari moja moja. Sikuja kumfundisha mtu kuandika programu. Humu ndani wapo wanaoandika kwa usiku mmoja kitu ambacho mimi nikikodolea macho mwezi mzima sikielewi. Nimekuja na swali moja la kimbea, maana umbea ndiyo kazi yangu: hii fedha ya kompyuta inakwenda wapi?

Tuanze mbali kidogo. Wengi wenu hamjui kwamba katika nchi hii kompyuta iliwahi kuwa kama bidhaa ya magendo. Sitanii. Hazina ilikuwa na kompyuta tangu mwaka 1965, miaka minne tu baada ya Uhuru. Baadaye wakaleta mtambo mpya, mradi ukaenda mrama, fedha zikapotea. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni nayo ikawekwa kapu moja. Aliyetaka kompyuta ilibidi aombe kibali maalum, aeleze ya nini. Marufuku ile ikalegezwa kidogo kidogo mpaka ikafutwa miaka ya 1990. Televisheni Bara tumeiona 1994, wakati ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa wanaangalia ya rangi tangu miaka ya 1970.

Niwatendee haki wakubwa wa wakati ule: fedha za kigeni zilikuwa haba, na mradi uliowaunguza ulikuwa wa kweli. Lakini tazama dawa waliyoichagua. Mtoto kajikata na kisu, wewe unakusanya visu vya mtaa mzima unavifungia stoo kwa miaka ishirini. Nawaombeni mlikumbuke hilo, kwa sababu tabia ya kukusanya visu haikufa na marufuku ile. Nitairudia mbele.

Hapa Arusha watu hawakungoja. Habari Node, kampuni ya intaneti ya hapa hapa mjini, mizizi yake ni kundi la watu wa miaka ya 1990 waliotaka kitu kimoja tu, barua pepe. Baadaye mji ukapata hata kituo chake wenyewe cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti, kinaitwa AIXP. Sijui kama mnauona utamu wake. Bila kituo kama hicho, mtu wa Njiro akimwandikia mtu wa Sakina, ujumbe unaweza kupanda angani kwa setilaiti, ukaenda kutalii Ulaya au Marekani, ukarudi Sakina, na safari yote hiyo mnailipia nyie kwa dola. Kwa kituo cha hapa, ujumbe unageuzia mjini. Kitu kidogo, hakina utepe wa kukata wala picha ya mheshimiwa, lakini kimewaokolea watu fedha.

WALIUZA NAMBA, SI PANELI

Sasa tuingie kwenye nyama. Chukueni kampuni iliyozaliwa hapa Arusha mwanzoni mwa miaka ya 2010, Off-Grid Electric. Waasisi wake ni wageni: Xavier Helgesen, Erica Mackey na Joshua Pierce. Wawili wa mwanzo walipitia Oxford. Nyakati zile ukipita Ngaramtoni, ukaendelea kuelekea Oldonyo Sambu, au ukipanda migombani huko juu Meru, unakuta boma baada ya boma kibatari kinafuka moshi, mtoto anasomea humo humo, asubuhi anapenga kamasi nyeusi.

Paneli ya sola haikuwa ajabu. Mafundi wa mjini walikuwa wanaziuza. Tatizo mkulima hana fedha ya kununua paneli, betri na taa kwa mkupuo. Ila huyo huyo ana fedha ya mafuta ya taa: mia mbili leo, mia tano kesho, na akipiga hesabu ya mwaka anaweza kuzimia. Hawa jamaa wakaja na mpango huu. Wanakufungia vifaa nyumbani. Unalipa kidogo kidogo kwa simu. Ukituma fedha, kompyuta ya kampuni inapata taarifa, inatengeneza namba, inakutumia kwa ujumbe mfupi. Unabonyeza ile namba kwenye kisanduku kilichopo ukutani, taa zinawaka kwa siku ulizolipia. Siku zikiisha, kisanduku kinajifunga chenyewe bila kugombana na mtu. Ni LUKU, lakini LUKU isiyongoja nguzo ya TANESCO.

Haya niambieni: kampuni ile iliuza nini? Paneli alikuwa nayo kila mtu. Waliuza ile namba. Na ile namba ni programu. Programu ndiyo iliyomgeuza mtu asiyekopesheka benki akawa mteja wa kuaminika, kwa sababu asipolipa hakuna wa kumfuata na bunduki, giza linamfuata lenyewe.

Angalieni pia kilichokuwa chini ya mpango huo. M-Pesa ilianza hapa nchini 2008. Bila hiyo, kampuni ingehitaji jeshi la vijana wa kupanda mlima kukusanya mia tano mia tano, na nusu ya fedha ingeliwa na nauli, nusu na vijana wenyewe. Kwa hiyo ubunifu haukushuka kutoka mbinguni. Ulikaa juu ya ubunifu mwingine, kama ghorofa.

Mwaka 2014 wakapata dola milioni 7 kutoka kwa wawekezaji, SolarCity ya Marekani ikiwa mbele. Wakavuka mipaka wakaenda Rwanda, Ivory Coast na Ghana. Mwaka 2018 wakabadilisha jina, wakajiita ZOLA Electric. Vijana wa Arusha walikuwemo humo, wakifunga taa, wakiuza, wakipokea simu za wateja. Walipata mshahara, na mshahara si kitu cha kubeza kwa mtu anayejua bei ya chumba Unga Limited. Lakini kampuni inapokua, mwenye mshahara anabaki na mshahara wake. Anayekua nayo ni mwenye hisa. Siwalaumu wageni hata kidogo. Wao waliona kibatari wakaona biashara. Sisi tumezaliwa na kibatari, tukaona kibatari.

Na msidhani mambo ya umiliki ni ya washamba peke yao. Jirani zetu Kenya walianza M-Pesa mwaka 2007, dunia nzima ikapiga makofi, kila kitabu cha biashara kikaandika "ubunifu wa Kenya". Lakini mtambo na jina vilikuwa mali ya Vodafone ya Uingereza, na Safaricom ikawa inalipia kuvitumia. Mashine zenyewe zilikaa Ujerumani mpaka 2015. Mtu anamtumia mama yake mia tano kutoka Kariobangi kwenda Kakamega, hesabu inapigwa kwa Wajerumani! Mwaka 2020 ndipo Safaricom na Vodacom wakanunua haki hizo. Miaka kumi na tatu ya kulipa kodi ya nyumba ambayo wewe ndiye uliyeijaza watu.

CHALII WA TOVUTI

Tuje nyumbani kabisa. Mwajiri mkubwa wa mtu wa kompyuta Arusha ni nani? Kampuni ya utalii. Kila mwenye Landcruiser mbili anataka tovuti yenye picha ya simba na jua linalozama. Vijana mnazitengeneza, na mnazitengeneza vizuri.

Sasa nitoe mfano wa kutunga, asije mtu akasema namtaja. Chalii anatengeneza tovuti na daftari la kupokea wageni kwa mtandao, analipwa laki sita. Anakula, anavaa, anamtumia mama Usa River. Mwezi unaofuata hana kitu, anatafuta kampuni nyingine, anaanza upya kutoka sifuri. Wakati huo yule tajiri wa kwanza anampigia: "Kaka hebu nisaidie kidogo, bei imebadilika." Anasaidia bure. Anasaidia tena bure. Baada ya miaka mitatu ana wateja thelathini wa kusaidiwa bure na hana kampuni, ana usumbufu.

Tofauti ya programu na kitanda ni hii. Seremala wa pale Krokoni akitengeneza kitanda cha pili anahitaji mbao za pili, misumari ya pili na jasho la pili. Kahawa ya Meru, kila kilo lazima ichumwe. Programu ukiipika mara moja, sahani ya pili karibu ni bure. Sasa wewe mwenye chungu kisichokauka, kwa nini unauza kama seremala? Daftari la wageni la kampuni moja ni lile lile la kampuni ishirini, ukibadilisha jina na rangi. Wakilipa shilingi elfu hamsini kila mmoja kwa mwezi, ishirini wanakupa milioni moja kila mwezi. Hesabu ya darasa la nne. Na hapo sasa ile "nisaidie kidogo" ina malipo yake, kwa sababu mteja wa kila mwezi hanunui programu, ananunua uhakika kwamba akipiga simu usiku wa manane mgeni wake yuko Kilimanjaro Airport na jina halionekani, kuna mtu ataamka.

Lakini huwezi kuuza mara ya pili kitu ambacho si chako. Nani hapa ana mkataba wa maandishi na mteja wake? Naona mikono minne. Wengine mnafanya kazi kwa WhatsApp na baraka za Mungu. Sheria ya Hakimiliki ya nchi hii, ya mwaka 1999, inaitambua programu ya kompyuta kama kazi ya maandishi, sawa na kitabu, na ofisi yake ni COSOTA. Wanamuziki waliijua sheria hiyo baada ya kuibiwa sana. Nyie mnangoja nini? Karatasi moja inatosha: mteja ana haki ya kutumia, msimbo, yaani yale maandishi ya ndani ya programu, unabaki wako. Akitaka kuununua wote na kukufungia mlango, sawa, lakini hiyo ni bei ya kuuza shamba, si bei ya kuuza mkungu wa ndizi.

Nani aliyetuonyesha mchezo huu? Booking.com, kampuni ya Amsterdam iliyoanza 1996. Chumba kiko Njiro, shuka zimefuliwa Njiro, chai imechemshwa Njiro, lakini kwa kila mgeni anayepitia kwao, asilimia fulani ya bei ya chumba inakwenda kwa Mholanzi ambaye hana hata kitanda kimoja Arusha. Anamiliki daftari.

Niongeze neno juu ya kumtegemea ng'ombe mmoja. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipozuia ndege, madereva wa watalii walilala njaa, na watu wa tovuti wakalala nao. Pembeni ya mji huu kuna vyama vya kahawa, wauza maziwa, mashamba ya maua na mboga Tengeru na Usa River, SACCOS, zahanati, shule za binafsi zisizo na idadi. Wengi bado wanaandika kwenye daftari la kaunta buku. Hawana picha ya simba, kwa hiyo hamwaoni. Benjamin Fernandes, Mtanzania mwenzetu, alianza NALA mwaka 2017 kwa programu ya kutumia fedha za simu hata bila intaneti. Baadaye akabadilisha mteja, akamfuata Mwafrika aliyeko Ulaya na Marekani anayetuma fedha nyumbani. Mwaka 2024 wawekezaji wakampa dola milioni 40. Kumjua mteja ni kazi ya ubongo kama ilivyo kuandika programu, tena nadhani ni ngumu zaidi.

Na kwa mwenye kudhani mambo haya ni ya waliozaliwa mjini, apande gari mpaka Tengeru, Chuo cha Nelson Mandela. Pale ndipo alipofundisha Dk. Askwar Hilonga, mtoto wa kijiji cha Gongali, Karatu. Sisi watu wa chini ya Mlima Meru tunajulikana kwa meno ya kahawia. Mgeni anadhani hatupigi mswaki. Ni madini ya floraidi kwenye maji, yanatoka kwenye miamba ya volkano, na yakizidi hayaishii kwenye meno, yanapinda hata mifupa ya watoto. Hilonga alikwenda kusoma Korea Kusini elimu ya chembe ndogo sana, akarudi akatengeneza chujio la maji, na mwaka 2015 akashinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Tuzo ni kitu cha kuning'iniza ukutani. Mimi nilichokipenda ni jina alilolisajili na kampuni aliyoifungua, chujio likabaki la kwake. Na watu wa mitaani wakawekewa chujio wauze maji safi wapate riziki. Profesa gani anafikiria ajira ya muuza maji?

WANAOSHIKA SWICHI

Sasa narudi kwenye visu.

Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni. Kijana mwenye blogu akatakiwa shilingi laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni moja nyingine ya kila mwaka. Milioni mbili na laki moja kwa mtu anayeandikia chumbani! Wengi walifunga. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, juu ya makato yaliyokuwepo. Watu wakarudi kubeba noti kwenye soksi. Septemba mwaka ule ule ikapunguzwa kwa asilimia 30, baadaye ikaendelea kumegwa. Vodacom yenyewe iliwaambia wanahisa wake kwamba mapato ya M-Pesa yaliumia. Kumbukeni lile ghorofa: ukitikisa fedha za simu, unatikisa kila kilichojengwa juu yake, tangu taa ya Oldonyo Sambu hadi ada ya shule.

Halafu Oktoba 29, 2025. Siku ya uchaguzi intaneti ikazimwa nchi nzima, ikarudi Novemba 3. Mambo ya siasa ya siku zile yana waandishi wake na yana makaburi yake; leo nazungumzia kazi. Mteja wako yuko Hamburg, analipa kwa mwezi, mfumo wake unautunza wewe. Siku tano hupatikani. Huwezi hata kumwambia kwamba hupatikani. Ataelewa mara moja, kwa huruma. Mkataba unaofuata atampa mtu wa Nairobi au Kigali, bila ugomvi, na hutajua kamwe kwamba uliukosa. Hasara ya namna hiyo haiandikwi kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Mheshimiwa mmoja atasimama kesho kwenye semina aseme vijana hawana ubunifu. Muulizeni: nani ana mamlaka ya kuzima, kwa amri ya nani, kwa muda gani, na nani anafidia? Muulizeni kabla hajakata utepe.

Mwisho nizungumzie mtaji, maana najua ndicho kisingizio kilichokaa midomoni mwenu. Mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi ipo, ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudishwa 2024. Nne kati ya hizo kumi ni za vijana. Tatizo ofisa akisikia kuku anaelewa, akisikia bodaboda anaelewa, akisikia programu anauliza iko wapi aikague. Basi mpelekee mikataba ya wateja wanaolipa kila mwezi, hiyo inakaguliwa.

Na kuna mtaji mwingine. Mwaka 1951 Wameru walifukuzwa kwenye ardhi yao Ngarenanyuki, nyumba zikachomwa moto. Watu wale walichangishana, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet mpaka New York, akazungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Tiketi ya New York, mwaka 1952, kwa fedha za watu wa migombani waliokuwa wameshachomewa nyumba! Halafu wajukuu wao watano, wenye simu za laki nne nne mfukoni, wananiambia hawawezi kuchanga fedha ya kusajili kampuni moja BRELA, usajili wenyewe siku hizi unafanywa kwa mtandao, kila mtu hisa zake zimeandikwa. Mnaogopana. Semeni tu mnaogopana, tuanzie hapo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kuna chalii pale dirishani kanyoosha mkono tangu nilipotaja laki sita, uso umekunjamana kama nimemtaja jina. Naomba apewe kipaza sauti.